Maumivu Yasiyoonekana kwa Eksirei

Wazee wetu Wanyamwezi walisifika kwa upagazi. Katika karne ya 19 walichukua pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani, kila mtu na mzigo wa kilo 30 hivi. Kwetu Ipuli kazi ya mgongo haijakwisha: baba yangu alikuwa mpakiaji wa magunia.

Mwaka jana maumivu yalimshika kiunoni, yakashuka pajani hadi unyayoni, na vidole vikafa ganzi. Alipopigwa eksirei, mifupa ilionekana mizima. Basi jamaa wengine wakasema amerogwa, wengine wakamwita mvivu. Baba akanyamaza.

Nilirudi bwenini nikamwuliza mwalimu wa Biolojia. Alinieleza kuwa baina ya pingili za uti wa mgongo mna visahani laini. Kimoja kikitokeza, huweza kubana mzizi wa neva iendayo mguuni. Eksirei, iliyogunduliwa na Röntgen mwaka 1895, huonyesha mifupa, si neva. Mashine ya MRI, kwa sumaku na mawimbi ya redio, huonyesha kisahani na neva pia. Hata hivyo, wako watu wengi wenye visahani vilivyotokeza wasioumwa kabisa. Kwa hiyo daktari kwanza humlaza mgonjwa, humwinua mguu ukiwa umenyooka, na kupima nguvu na ganzi.

Wengi hupona bila kupasuliwa. Lakini anayeshindwa kukojoa, au aliyekufa ganzi sehemu za siri, na awahishwe hospitali siku ile ile.

Baba sasa ana nafuu. Ameacha magunia, anauza asali. Ndugu wasomaji, picha ikionyesha mifupa mizima, tusimwite mgonjwa mwongo. Neva haikupigwa picha.