Mshono wa Mustang

Watu hudhani kuunda ndege ya plastiki ni kubandika vipande. Kubandika ni dakika chache tu. Kinachokula siku ni mshono: pale nusu mbili za kiwiliwili zinapokutana mgongoni, na pale bawa linapoingia ubavuni. Pengo la nusu milimita unaweza kulidharau. Ila ndege yetu ni P-51 Mustang ya kipimo cha 1/72, kwa hiyo zidisha: sentimita 3.6. Hakuna rubani wa kupanda kitu chenye ufa wa kupitisha vidole viwili.

Nasema yetu kwa sababu naiunda na baba. Mzee alinyoosha bodi za magari miaka 30, na puti anaijua kuliko mimi ninavyoijua sarufi. Sasa kisukari kimemla macho, gazeti namsomea mimi. Lakini ukucha wa kidole gumba bado unaona. Anaupitisha mgongoni mwa ndege polepole, unanasa. "Hapa bado." Natazama, sioni kitu. Napuliza praima ya kijivu, na kweli, mstari unajitokeza, mwembamba kama unywele.

Puti husinyaa ikikauka, basi tunaweka kidogo, tunalala, kesho tunaongeza. Supa gluu haisinyai hivyo, lakini ukiiacha usiku kucha inakuwa ngumu kuliko plastiki yenyewe. Msasa unakula pembeni na kuacha kilima katikati. Isuguliwe mapema. Kwenye shina la bawa, ambako msasa ungefuta michoro yote, tunapaka gundi nyeupe ya mbao na kuifuta kwa kitambaa kibichi. Njia anayoipenda Mzee ni ile gundi nyepesi inayoyeyusha plastiki: unabana pande mbili mpaka uji utoke kwenye mshono, unaacha siku kadhaa, kisha unakwangua. "Huko si kubandika," anasema, "ni kuchomelea."

Ubishi ulianzia kwenye mabawa. Vipande vya kiwanda vimechorwa mistari na ribiti juu ya bawa zima, na wapenzi wa fani hii wanaipenda hiyo mistari. Nikamsomea kwamba Mustang halisi haikuwa hivyo: kiwandani sehemu ya mbele ya bawa ilipakwa puti, ikasuguliwa, ikapakwa rangi ya fedha, ili hewa ipite bila kukwama. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kumbe hata ndege za vita zilipita kwa mafundi puti!

Tangu hapo anataka tuzibe. Mimi nikamwambia bawa lisilo na mistari litafanana na mwanasesere, watu watadhani hatukujua. Akasema watu si mafundi. Nikapendekeza rangi ya kijani, ambayo husamehe, maana zipo Mustang zilizopakwa kijani. Fedha haisamehi, mkwaruzo mmoja wa msasa unaonekana kutoka mlangoni.

"Basi iwe fedha," akasema. "Mimi sitaiona. Wewe utaiona."

Sikuwa na la kujibu, nikashika bawa la kushoto nikaanza kupaka puti. La kulia bado. Jana nimeleta msasa namba 2000, ameugusa kwa shavu, akaniambia hebu kautafute ulio laini zaidi ya huu.