Umri wa Plagi

Mjomba alipouliza iwapo plagi za Subaru WRX yake zimefikia wakati wa kubadilishwa, fundi wa Dagoretti Corner alimjibu kwa swali: "Mzee, wapita wapi kila siku?"

Ratiba ya matengenezo ya gari hilo nchini Marekani hutaja maili 60,000, yaani kilomita 96,000 hivi. Lakini mjomba hutoka Uthiru alfajiri, akakwama katika foleni ya Waiyaki Way, injini ikinguruma ilhali kilomita hazisongi. Cheche haziachi kuruka, na kila cheche humega chembe ya ncha hata mwanya ukapanuka. Nayo injini yenye tabo husukumiwa hewa kwa shinikizo. Hewa hiyo nzito hudai umeme mkali zaidi ili cheche ivuke mwanya. Ndiyo maana gari lilikwenda shwari kwenye tambarare, likakohoa alipokanyaga mafuta mlimani. Kikohozi hicho si adha tu: petroli isiyoungua huweza kuharibu kisafisha moshi, kifaa ghali mno kuliko plagi.

Plagi zilifunguliwa kwa taabu, kwani silinda za Subaru zimelala ubavu. Rangi ilikuwa kahawia hafifu, dalili ya mwako mwema. Masizi yangeashiria petroli kupita kiasi, na weupe wa malengelenge, joto la kuunguza. Mwanya, hata hivyo, ulizidi kipimo. Mjomba, aliyekuwa akidaiwa karo, aliomba ubanwe tu. Fundi alikataa katakata: ncha ya iridiamu ni nyembamba, huvunjika upesi. Tukashuka hadi Barabara ya Kirinyaga, tukanunua nne, tukizikagua moja moja kwa hofu ya bandia.