Kadi Tano, Chaki Moja na Keki

Najua nimepotea kwa muda, kazi zilinizidi. Leo tuache hifadhidata zipumzike kidogo, niwasimulie kuhusu sherehe ya binti yangu alipotimiza miaka minane.

Mwaka uliotangulia sikuwepo. Mfumo wa mteja ulianguka siku iyo hiyo, nikafika nyumbani keki imeisha na wageni wamelala. Kwa hivyo safari hii niliahidi kusimamia michezo mwenyewe. Nilikesha siku kadhaa nikiunda mchezo wa hesabu kwenye tarakilishi, wenye picha na milio. Ikafika Jumamosi tarehe 14, watoto kumi na watano wamejaa uani, na stima zikapotea. Betri ya kipakatalishi changu ilishakufa zamani. Binti yangu aliniangalia tu, hakusema neno. Afadhali angelia.

Nikakumbuka michezo ya Computer Science Unplugged, mradi ulioanzia New Zealand miaka ya 1990 wa kufundisha sayansi ya tarakilishi bila tarakilishi yenyewe. Nikachukua karatasi ya manila, mkasi na kalamu nene.

Unakata kadi tano. Ya kwanza inaanza na 1, ya pili na 2, kisha 4, 8 na 16. Sasa chukua kila nambari kuanzia 1 hadi 31, uigawe kwa hizo tano bila kurudia yoyote. Kwa mfano 19 ni 16 na 2 na 1, kwa hivyo unaiandika kwenye kadi hizo tatu. Ukimaliza, kila kadi itakuwa na nambari 16. Mtoto anafikiria tarehe aliyozaliwa, anakuonyesha kadi zilizo na tarehe hiyo, nawe unajumlisha nambari za kwanza tu. Basi! Hiyo ndiyo hesabu ya sufuri na moja inayotumiwa na kila tarakilishi, ila watoto waliniita mchawi. (Mama mmoja pia alinitazama vibaya kidogo.)

Nilikuwa nimeshabashiri tarehe sita hivi zamu ilipofikia kijana mdogo aliyekuja na jirani yetu. Akazishika kadi, akaziangalia, akanirudishia.

"Anko, mimi sijui yangu."

Wenzake wakacheka. Mimi nilikosa la kusema. Ndugu msomaji, fomu zote nilizowahi kuandika zina kisanduku cha tarehe ya kuzaliwa chenye kinyota chekundu: usipojaza, huendi mbele. Na hapa nilikuwa nimeunda fomu nyingine kwa manila na kumsimamisha mtoto mlangoni mbele ya watu.

Aliyeniokoa ni binti yangu. "Si achague tu anayoitaka?"

Kijana akafikiri sana, midomo ikichezacheza. Akanipa kadi tatu: 2, 4 na 8. Nikajumlisha. Kumi na nne. Alikuwa amechagua leo.

Mnajua desturi yetu: mwenye siku yake humwagiwa maji. Waliochota maji kumlowesha binti yangu walimlowesha na yeye, na nguo zake zilikauka zikiwa mwilini huku anacheka.

Baadaye nilichora mtandao wa kupanga nambari uani kwa chaki. Watoto sita wanaanza upande mmoja, kila mmoja na nambari yake. Wawili wakikutana kwenye duara wanalinganisha, mdogo anaelekea kushoto, mkubwa kulia. Yanatosha maduara 12. Wakifika mwisho wamejipanga wote, hata uwachanganye vipi mwanzoni. Naupenda kuliko ule mchezo wa kuzunguka viti, ambapo anayekosa kiti anatolewa na kwenda kununa ukutani. Hapa hakuna anayetolewa, na mmoja akikosea mstari wote unaharibika, kwa hivyo wanasaidiana kwa kelele. Nilichora mara tatu kwa sababu miguu ilifuta chaki.

Stima zilirudi saa moja jioni. Hakuna aliyeuliza kuhusu mchezo wangu wa tarakilishi.

Kadi walizigombania wakienda, na ile inayoanza na 4 haijapatikana hadi leo. Bila hiyo, aliyezaliwa tarehe 14 nitamwambia ni 10. Nitakata nyingine nikipata manila.