Kikuba Chini ya Mto

Septemba ile ya 1999, redio zikitaja kila jioni hali ya Mwalimu Nyerere hospitalini London, mimi nilikuwa nashinda kwenye benchi la hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, nikimwuguza shemeji yangu. Jengo la Mjerumani lile, kuta nene, bahari ng'ambo ya barabara. Ukivuta pumzi unapata mwani na dawa ya kudekia kwa pamoja, na harufu ya tatu, ambayo mwenye saratani ya shingo ya kizazi huionea haya kuliko maumivu yenyewe. Shemeji alijua tunaisikia. Kila Ijumaa alinipa shilingi mia tano nikamtafutie asmini na rehani Kariakoo, akafunga kikuba, akakilaza chini ya mto.

Kwetu Tanga, mwanangu, shangazi zetu walikwisha kumtoa kaka chumbani. Si kwa ubaya; walitaka mgonjwa apumzike, ingawa wapo walionong'ona kwamba ugonjwa ule unaambukiza. Miezi minne kaka alilala sebuleni juu ya jamvi. Tulimwuliza shemeji amekula nini, amepata choo, ameumwa wapi. Habari ya unyumba hakuna aliyeigusa. Hata mimi niliyejiona nimesoma nilidhani mtu akishaanza kuhesabiwa siku, hayo humtoka yenyewe.

Basi siku moja akamwuliza muuguzi mbele yangu, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi: "Dada, mume wangu akinigusa, mionzi itamdhuru?" Nikainuka nitoke. Akanidaka mkono. "Kaa, shemeji. Wewe ndiye utakayewaambia hao shangazi zako." Muuguzi hakucheka wala hakushusha sauti. Mashine ile ikizimwa, alisema, mionzi haibaki mwilini, na saratani haihamii kwa mume. Ila ndani hukauka na kubana, huweza kutoka damu. Wasubiri pale papone, na akiumia waache. "Lakini kulala kifuani kwa mumeo, hilo hata leo."

Tuliporudi Tanga niliufikisha ujumbe jasho likinitiririka. Shangazi mkubwa alisikiliza hadi mwisho, akatema tambuu, akaenda kulikunja jamvi la kaka kwa mikono yake. Usiku, kupitia ukuta, nikamsikia shemeji akifoka: "Miguu yako baridi!" Kisha kicheko, cha kwanza tangu mfungo.

Aliishi hadi Machi. Kikuba cha mwisho kaka alikwenda kukinunua mwenyewe. Walimpiga shilingi elfu nzima, naye hakuuliza bei.