Goma: Kusafisha nyumba ao ofisi? Siku ya malipo ndiyo inaamua

Mjini Goma, akina mama wengi waliohama Masisi na Rutshuru wanaishi kwa kazi ya usafi. Kambi zilizouzunguka mji zilipovunjwa mwezi wa Februari 2025, kuna waliobaki kwa jamaa huko Majengo na Ndosho, na shamba la kulima hawana tena. Kufagia na kupangusa hakuombi diploma. Lakini kunaomba kuchagua: nyumba za watu, ao ofisi na maduka?

Mama mmoja wa watoto watano, kutoka Masisi, amejaribu zote mbili pamoja na wenzake wawili. Walianzia nyumba za Himbi, karibu na ziwa. Nyumba inalipa jioni ileile, na unga unapatikana. Ubaya wake, kazi haina mpaka: umeitwa kupangusa, unajikuta unafua, unachota maji, unalea mtoto. Kitu kikipotea, wa kwanza kuulizwa ni mkimbizi. Na mwenye nyumba akisafiri, kazi imekwisha bila taarifa.

Ofisi ina saa zake: kuingia alfajiri, kutoka kabla wafanyakazi hawajafika. Vyumba vinajulikana, bei inajulikana. Lakini vyombo ni juu yako: fagio, rakleti, javeli, glavu. Maji pia. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, visima havichimbwi kirahisi, na bomba likikauka ni kununua bidoni za litre 20. Vumbi jeusi la mawe hayo linarudi kila siku. Asiyehesabu bidoni kabla ya kutaja bei atafanya kazi bure.

Neno kubwa ni malipo. Ofisi inalipa mwisho wa mwezi, na tangu banki nyingi zilipofunga milango mwisho wa Januari 2025, mwisho wa mwezi umekuwa mrefu. Mama huyo alisafisha ofisi moja miezi miwili akingoja. « Mama, vumilia, pesa iko njiani », aliambiwa. Akajibu: « Baba, mimi nitavumilia, lakini watoto hawajui kuvumilia njaa. »

Leo hawakuacha upande wowote. Wameshika duka moja linalolipa kwa simu kila siku ya posho, na nyumba tatu kwa siku zingine. Pesa ya nyumba ni chakula. Ya duka inawekwa kwa kodi na masomo. Mapatano yanaandikwa kwenye karatasi: vyumba vingapi, nani ananunua maji, malipo siku gani. Na wamekatazana kuchanganya javeli na dawa nyingine ya choo, maana hewa yake inaumiza mapafu.

Kwa anayeanza bila akiba, nyumba ndizo zinamsimamisha kwanza. Ofisi ni ya yule anayeweza kula mwezi mzima kabla ya kulipwa. Bei nzuri inayochelewa haipiki chakula cha leo.