Mvua ilinikuta njia ya Bugarama

Wiki iliyopita niliahidi kuandika kuhusu safari yangu ya baiskeli kutoka Kinama mpaka kambini Musasa. Wengi mlicheka mkasema huyu jamaa ana kichwa kibovu. Sawa, lakini sikilizeni kwanza.

Mimi naishi kambini na ninajitolea kule, ila mama na wadogo zangu wako Kinama. Nilipewa ruhusa ya siku saba, nikashuka Bujumbura kutafuta karatasi za shule za vijana watatu wanaoomba kusoma chuo. Mmoja ni dada yangu mdogo. Mwisho wa kupokea faili ulikuwa Ijumaa saa tisa. Jumanne jioni nikaenda kutafuta gari: hakuna mafuta, magari yamelala kwenye foleni, na machache yanayoenda Ngozi bei imepanda mpaka sikuweza. Basi nikaazima kinga ya jirani yetu, mzee mmoja anayebebea makaa. Ni nzito kama mlango wa chuma. Mama akaniuliza, "Papa, na mvua hii?" Nikamwambia itakatika. Nilidanganya.

Karatasi nilizifunga hivi. Mifuko ya plastiki siku hizi imekatazwa, kuipata ni kazi. Nikachukua bidoni ya lita 5 iliyokuwa ya mawese, nikaikata shingo, nikaiosha, nikakunja karatasi ndani, nikafunika kwa kipande cha shitingi na kukaza kwa mpira wa ndani wa tairi. Shati moja kavu nikaliweka humo pia. Hilo shati mtalisikia tena.

Nilitoka Jumatano saa kumi na moja alfajiri, nikapita Kamenge, nikaanza kupanda. Wasiojua hiyo barabara: kutoka ziwani, kwenye mita 770 hivi, mpaka Bugarama unapita mita 2,000, na yote hiyo ndani ya kilomita kama 35 tu. Jasho la Kinama linageuka baridi mgongoni. Saa tatu mvua ikaanza, ile ya kweli, huoni mbele.

Hapo nikafanya upumbavu. Lori likapita polepole, nikashika nyuma kama wanavyofanya vijana wa ndizi. Polisi wanakataza, na mimi mwenyewe nimeshawakanya vijana wetu mara ngapi! Chuma kikiwa na maji hakishikiki. Kwenye kona mkono ukateleza, nikaenda kwenye mtaro na baiskeli juu yangu. Goti likapasuka. Bidoni ikabiringika, nikaifuata kwa magoti kabla ya kujiangalia mwenyewe.

Nilipokaa pale kwenye mtaro nikaona maji mekundu yanashuka kati ya mihogo, yanaingia kwenye korongo, yanaelekea chini kwetu. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014 maji ya namna hiyo yaliingia Kinama na Kamenge, watu zaidi ya 60 wakafa. Nilikuwa mtoto. Nakumbuka papa akitupandisha juu ya meza, na kesho yake matope yamefika dirishani. Tangu siku ile mvua kwangu ilikuwa kelele juu ya bati. Sikuwahi kuona inakotoka. Nikampigia mama simu nikamwambia alale kwa jirani wa juu usiku huo. Hakuuliza kwa nini.

Kutoka pale nilisukuma kwa miguu. Nilipofika Bugarama, kwenye zile meza za kabichi na karoti, nilikuwa sitetemeki tena, na nikadhani nimezoea baridi. Kumbe ndiyo hatari. Vidole havikunji, ulimi mzito, nataka kulala tu. Munyonzi mmoja akaniangalia usoni akasema kwa Kirundi, "Muvandimwe, vua hayo." Nikaona aibu kuvua mbele ya mama wauza mboga. Akanivua yeye. Nikavaa lile shati kavu, akanipa gunia la kujifunika, akaniwekea maboksi kifuani, chini ya shati, yanazuia upepo. Chai ya moto yenye sukari nyingi, kidogo kidogo. Mikono alinikataza kuisogeza kwenye moto, akasema niiweke kwapani.

Akanionyesha na breki. Mipira ikilowa haishiki rimu, kwa hiyo unabana kidogo kidogo mapema ili ikauke, hungoji kona. Na mteremko ukiwa na ukungu unashuka, unatembea. "Nimewazika wenzangu waliokuwa na haraka," akasema, kisha akaendelea kufunga kabichi zake.

Nililala kwake. Alhamisi mvua ilikaa mpaka saa nane mchana, nami nikakaa. Kukaa huko ndiko kulinichosha kuliko kupanda mlima, kila dakika naona Ijumaa inakuja. Nikafika Kayanza usiku, nikalala barazani kwa watu wa kanisa. Saa kumi alfajiri nikaondoka, nikapita Ngozi na goti limevimba.

Nyinyi wa mashirika mnaosoma hapa, nawaomba kitu kimoja: mkiweka siku ya mwisho, angalieni na majira. Siku mbili za kuongeza mwezi wa nne si kitu kwenye ofisi. Barabarani ni kitu.

Nilifika saa saba na nusu. Nikaifungua bidoni mezani. Karatasi zote kavu, ila ya dada yangu ilikuwa na doa la njano juu ya muhuri. Aliyekuwa anapokea akauliza, "Hii ni nini?" Nikajibu, mawese. Akanusa, akacheka, akaipokea.

Majibu bado tunayasubiri. Na kinga bado iko kwangu, mzee wa Kinama ananipigia kila Jumapili kuuliza inarudi lini. Namwambia mvua ikatike kwanza.