Asubuhi ya mbwa na watoto Binza

Ukipita Masaki au ufukwe wa Coco jijini Dar es Salaam jioni, hukosi kumwona mtu mzima ameshika kamba na mbwa wake ametangulia. Wakati mwingine wanakuwa wanne au watano, wanatembea taratibu huku wakipiga stori. Binza, Maswa mkoani Simiyu, nako kuna siku mbwa hutembezwa kwa kundi. Tofauti ni kwamba huko wanaoshika kamba ni watoto.

Nilifika Ijumaa jioni nikitokea Shinyanga, kwa ile barabara ya lami inayokatia Mwigumbi na kwenda hadi Maswa na Bariadi. Kilikuwa kiangazi. Pamba ilishavunwa, mashambani vimebaki vijiti vikavu, na upepo ulikuwa unabeba vumbi mpaka ndani ya sahani. Nilikaribishwa na bibi wa rafiki yangu niliyesoma naye chuo. Mji wake umezungushiwa minyaa, na una ng'ombe wachache, kuku wengi na mbwa wawili, Simba na Subiri.

Usiku huo kipaza sauti kilipita kwenye pikipiki: kesho chanjo ya kichaa cha mbwa, karibu na josho, kuanzia saa mbili asubuhi. Bibi alikuwa anamenya karanga. Hakuinua hata kichwa, akasema, “Watoto watawapeleka.”

Asubuhi tulikunywa chai kwa michembe na karanga, nikaomba kuongozana nao. Tulitoka watu watatu: mimi na wajukuu wawili wa bibi, wa kiume wa miaka tisa na dada yake wa kumi na mbili. Hatujafika mbali, watoto wa miji ya jirani wakaanza kujiunga mmoja mmoja, kila mmoja na mbwa wake. Kamba zilikuwa za kila aina. Nyingine ya katani, nyingine kipande cha khanga, na mmoja alikuwa amemfunga mbwa wake kwa tyubu ya baiskeli. Nilipohesabu, mbwa walikuwa kumi na wanne. Mtu mzima nilikuwa peke yangu, na mimi mbwa nawaogopa.

“Mwangaluka,” watoto waliwaamkia wazee waliokaa barazani, na wazee wakaitikia huku wakicheka msafara wetu.

Hakuna bustani ya kupumzikia huku, ila kuna ngitili, na njia yetu ilipita ubavuni mwake. Kwa msomaji asiyeijua Usukuma, ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza ili majani yakue, kisha linafunguliwa kiangazi kikikolea na kwingine kukiwa kweupe. Ni desturi ya zamani iliyodhoofika miti ilipokatwa sana, ikafufuliwa na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986. Wakati huo Maswa ilikuwa mkoa wa Shinyanga. Simiyu ulikuja kuwa mkoa mwaka 2012. Ndani ya ngitili kulikuwa na kivuli na ndege, na mbwa walipasikia harufu ya sungura wakaanza kuvuta kamba. Mtoto wa tyubu aliburutwa hatua kadhaa, akaanguka, akacheka, akainuka na kuendelea.

Nilielewa hapo kwa nini bibi alisema watoto watawapeleka. Mbwa wa huku ni wa watoto kwa maana ya kazi. Ndio wanaotoka nao kuchunga asubuhi, ndio wanaowagawia mabaki ya ugali, na ndio wanaojua yupi mkali na yupi ana jeraha sikioni. Baba mwenye mji anaweza asijue hata mbwa wake amelala wapi jana.

Kwa sababu hiyohiyo, mbwa akiugua, wa kwanza kuumwa ni mtoto. Takwimu za dunia zinazotumika zaidi ni vifo vipatavyo 59,000 kwa mwaka vya kichaa cha mbwa, na katika kila vifo kumi, vinne ni vya watoto wasiofika miaka 15. Kwa Tanzania, makadirio yanayotajwa sana ni vifo 1,500 hivi kila mwaka. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini mtu akiwahi kuosha kidonda na kupata chanjo kabla ya dalili, hauui. Sijui ugonjwa mwingine ninaouandikia habari ambao mstari wa kufa na kupona umechorwa wazi namna hii.

Josho lilikuwa limejaa. Maofisa mifugo walikuwa wawili, meza moja, boksi la baridi, na foleni ya watoto na mbwa wanaobwekeana. Mzee mmoja alikuwa anabishana kwamba mbwa akichomwa sindano anakuwa mzembe, halindi tena. Ofisa akamjibu kwa upole kwamba wake mwenyewe kachanjwa kila mwaka na wageni bado wanamkimbia. Kisha akawageukia watoto: wakati wa sindano, mbwa ashikwe na mtu mzima. Watu wazima wakatazamana. Basi waliokuwa wamekaa chini ya mti wakainuka, wakashika mbwa. Sindano yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko kumkamata mbwa. Subiri alipakwa alama ya rangi mgongoni, akaandikiwa kadi.

Tulipokuwa tunarudi, yule mvulana wa miaka tisa aliniuliza, “Dada, kama mbwa mdogo amekuuma kidogo tu, na yeye unampeleka pale?”

Nilimuuliza mbwa gani. Akanyamaza. Dada yake akamkanyaga mguu. Nikakaa chini kwenye kivuli, nikawaacha wanywe maji kwanza. Ikatoka kidogokidogo. Siku nne zilizopita, mtoto wa mbwa wa jirani alimuuma kwenye muundi walipokuwa wanacheza. Alinionyesha: alama mbili ndogo zilizokwishakauka, ambazo mama yeyote angedhani ni miiba. Hakusema nyumbani kwa sababu alishakatazwa kwenda kucheza huko, na fimbo aliijua.

“Na huyo mbwa yuko wapi sasa?”

“Alikufa juzi.”

Njia iliyobaki sikuiona ngitili wala ndege.

Bibi hakumchapa. Alikaa kimya, kisha akasema zamani mtu akiumwa waliweka pilipili kwenye kidonda. Tulichukua sabuni ya mche na maji ya kumiminika, tukaosha ule muundi kwa dakika 15 nikitazama saa ya simu, ingawa siku nne zilishapita. Inayotakiwa ni kufanya hivyo palepale mtoto anapoumwa, kabla hata ya kutafuta usafiri. Pilipili, mafuta ya taa na majani havisaidii, vinachelewesha tu.

Tukapanda bodaboda, sisi watatu na dereva, jambo ambalo kama mwandishi wa afya sitakiwi kulisifu. Kituo cha kwanza hakikuwa na chanjo. Cha pili walikuwa nayo. Muuguzi aliuliza swali lile nililouliza mimi, mbwa yuko wapi, akaandika jibu bila kuinua macho. Mbwa aliyeuma akiwa bado hai na mzima baada ya siku kumi, wasiwasi hupungua sana. Aliyekufa hawezi kuangaliwa. Mtoto akachomwa ya kwanza, akaambiwa arudi baada ya siku tatu, kisha siku ya saba, na nyingine itafuata.

“Miezi miwili, mitatu,” muuguzi alimwambia bibi, “ndiyo muda ugonjwa huu hujificha mara nyingi. Wakati mwingine wiki moja, wakati mwingine hata mwaka. Hamjachelewa, lakini msikose tarehe.”

Nje, bibi alifungua pindo la khanga, akahesabu nauli ya kurudi na ya siku ya tatu, akazitenga. Kisha akamuuliza mjukuu wake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama kuna mtoto mwingine aliyekuwa anacheza na yule mbwa siku ile.

Walikuwepo wawili. Jioni hiyo alikwenda nyumba kwa nyumba na mkongojo wake.

Nilirudi Dar es Salaam Jumatatu. Siku ya saba bibi alinipigia simu. Mvulana amechomwa ya tatu, safari hii hakulia. Wale wawili nao wameanza. Kadi yake ameichomeka ukutani, juu ya kitanda, pembeni ya kadi ya Subiri.

“Imebaki moja,” alisema. “Wewe unakuja lini?”